Paka Niliyemshusha Ziwani

Watu wa kwetu milimani wanaamini kwamba paka hamjui mtu. Anaijua nyumba: jiko liko wapi, panya wanapitia wapi, jua la asubuhi linaangukia wapi. Ndiyo maana anayetaka kumwondoa paka wake hahangaiki na kitu kingine ila njia. Anamtia kwenye kiroba, anakwenda naye mbali, na kabla ya kumfungulia anakizungusha kile kiroba hewani, kwanza kulia, kisha kushoto, ili paka asijue tena ametokea upande gani. Akishapotewa na njia, husema, amepotewa na kila kitu. Atakaa hapo alipo na kuanza upya kama aliyezaliwa siku hiyo. Niliamini hivyo mpaka uzeeni. Nimesoma mpaka kidato cha nne, kwa hiyo siwezi kusingizia kukosa shule.

Mwaka jana, tulipomaliza kuchuma kahawa, nilishuka Lituhi kumposea mjukuu wangu. Ni mtoto wa binti yangu. Baba yake hakuwahi kujitokeza, naye alizaliwa na kukulia nyumbani kwangu, juu kidogo ya Litembo, hivyo mimi nilikuwa babu na nilikuwa baba. Anaendesha bodaboda. Katika kupeleka mizigo ziwani alimwona msichana anayeanika usipa, dagaa wa ziwani, pamoja na bibi yake, na tangu hapo hakuna abiria wa Lituhi aliyekataliwa, hata yule ambaye pikipiki nyingine zote zilimkimbia kwa ukubwa wa mzigo wake.

Msichana alilelewa na bibi, na neno la bibi ndilo lililokuwa neno la nyumba. Mposaji mmoja alikuwa amekwisha kurudishwa, mwalimu, mtu wa mshahara, kwa sababu alipofika alimpita yule bibi mlangoni akiongea na simu. Mjukuu wangu alinihadithia hayo jioni ya kuamkia safari, akinipigia rangi viatu.

"Babu," akasema, "yule bibi haangalii vitu. Anaangalia mtu. Wewe ndiye utakayekaa mbele yake."

"Unaogopa nitakuaibisha?"

"Naogopa utaanza hadithi za shule ya bweni. Zile za uji."

Tulicheka, lakini niliona mkono wake unavyosugua kiatu kilichokwisha kung'aa. Hakuwa na mzaha. Kama ningeharibu, angempoteza yule binti, na alikuwa hajawahi kuniomba jambo lolote kubwa kabla ya hilo.

Tulikodi gari dogo Mbinga mjini. Tulikuwa mimi, binti yangu, na mshenga wetu, jirani, katekista mstaafu, mtu ambaye hajawahi kukutana na ukimya akauacha salama. Nyuma ya gari tulibeba kiroba cha maharage ya kwetu. Kwa desturi yetu mshenga anasema maneno yote, lakini zawadi ya kwanza anaikabidhi mzee wa ukoo kwa mikono yake miwili, na huko ndiko kusema: mimi huyu ndiye ninayemtoa kijana.

Tuliposhuka kutoka kwenye baridi na ziwa likaanza kuonekana chini, mshenga akinyamaza kidogo kunywa maji, nilikumbuka kwamba sikuwa nimekanyaga Lituhi tangu safari ya paka. Nilikumbuka kama mtu anavyokumbuka kwamba aliwahi kununua jembe mahali fulani. Sikuhisi lolote. Leo hilo linanisumbua kuliko mengine.

Paka alikuwa wa mke wangu. Mweusi, kidevu cheupe, na mkia uliopinda karibu na ncha kama ndoano, kwa sababu alipokuwa mdogo nilimbana mkia kwa mlango wa ghala bila kumwona. Alikuwa mlinzi wa mahindi, na hodari. Mke wangu alipokaa kwenye chanja ya kahawa akichambua punje mbovu, paka alilala chini ya chanja kwenye kivuli. Mke wangu alikuwa na namna ya kumwita: aligonga kikombe cha bati kwa pete yake, taratibu, mara mbili, na paka akatokea hata kama alikuwa migombani. Kwangu paka alikuwa na mazoea mengine. Niliporudi jioni kutoka kwenye ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mtelemkoni, nilivua buti za mpira mlangoni, naye alitumbukiza kichwa ndani ya buti la kulia mpaka mabegani, akabaki humo akinusa. Mke wangu alikuwa akisema paka huyo ndiye kiumbe pekee duniani anayependa harufu ya miguu yangu.

Mke wangu aliugua, kisha akafariki. Waombolezaji walipoondoka na binti yangu akarudi Mbinga mjini, ambako wakati ule alikuwa akipika kwenye mgahawa, tulibaki wawili: mimi na paka. Mjukuu alikuwa bwenini. Kila jioni paka alikwenda chini ya ile chanja, akaketi, akaangalia juu, na kulia. Hakulia kama paka mwenye njaa. Nilimpa usipa, akaula, akarudi kulia. Nilimfukuza, akazunguka nyumba na kurudi palepale. Majirani waliuliza anaumwa nini. Mimi sikuwa nimelia hata siku ya mazishi, nikisifiwa na wazee kwamba nimejikaza, na yule mnyama kila jioni alikuwa akifanya mbele ya nyumba yangu kile nilichokataa kufanya.

Basi nikamtia kwenye kiroba. Nilipanda lori la wachuuzi wa usipa mpaka Lituhi. Nilijiambia kwamba nafanya wema, kwa sababu pale pwani ya ziwa samaki wamejaa kwenye vichanja na paka hawezi kufa njaa. Nilikizungusha kiroba kwa nguvu zangu zote mpaka mimi mwenyewe nikapatwa na kizunguzungu, nikashika ubavu wa mtumbwi uliokuwa umepinduliwa mchangani ili nisianguke. Ndani ya kiroba kulitoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa paka wala kwa mnyama mwingine. Nililegeza kamba kidogo, si yote, nikaondoka kabla hajatoka. Sikutaka anione nikienda.

Binti yangu alipokuja Jumapili iliyofuata akauliza paka yuko wapi. Nikasema amekufa, nimemzika pale migombani. Nikanyoosha kidole, bila kufikiri, kwenye sehemu moja. Alikwenda akapiga magoti pale na kulia muda mrefu. Siku ya mazishi ya mama yake hakupata nafasi, alikuwa akihangaika na masufuria ya wageni, na nadhani siku hiyo ndipo alipomlilia mama yake pia. Nilimwacha alie juu ya udongo usio na kitu. Baadaye alipanda ua hapo, na mimi nilipokuwa nikipalilia migomba nililizunguka lile ua kwa uangalifu, kana kwamba kweli chini yake kuna kitu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa tulipofika kwenye nyumba ya yule bibi.

Nyumba ilikuwa ya matofali, bati jipya, kuta zimepakwa chokaa, na mbele yake vichanja vya usipa vikimeta juani. Bibi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwamkia kabla hajafungua kinywa, nikimkumbuka yule mwalimu. Alikuwa mwembamba, umri kama wangu, na macho yasiyoharakisha. Pamoja naye alikuwa mwanawe, baba mdogo wa msichana, mvuvi mwenye kifua kipana.

"Karibuni watu wa baridi," akasema mvuvi. "Vueni makoti, huku hatuna ukungu."

"Hili koti ni la heshima, bwana," akajibu mshenga. "Nikilivua mtaona shati, na shati halijajiandaa."

Bibi akacheka, na moyo wangu ukatulia. Tulishusha kiroba na kuvua viatu mlangoni, tukakaribishwa ndani, tukaletewa chai na mihogo. Bibi alinimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Mshenga akajifuta jasho na kuanza.

"Mama, tumekuja kutafuta kitu kilichopotea. Kijana wetu amepoteza usingizi, na kila tukiuliza, watu wanasema ulionekana mara ya mwisho hapa Lituhi."

"Usingizi wa vijana hupotea popote," akasema bibi. "Mmeuliza Mbamba Bay?"

"Tungeuliza, mama, lakini pikipiki yake haijui njia ya Mbamba Bay. Inajua hii tu."

Tulicheka wote. Hata binti yangu, ambaye njia nzima alikuwa amefunga mdomo kwa hofu, alicheka. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno. Mimi nilikaa wima kwenye kiti changu na kufikiria jinsi nitakavyomsimulia mjukuu wangu jioni.

Paka akaingia kutoka uani, kupitia mlango wa mbele tuliouacha wazi kwa ajili ya upepo. Sikumtazama. Paka ni paka. Alinusa makubazi ya mshenga, akanusa ndala za binti yangu na kukawia hapo kidogo, kisha akafika kwenye viatu vyangu. Akasimama. Akatumbukiza kichwa ndani ya kiatu cha kulia, akasukuma mpaka mabega yakazuiliwa na ngozi, na kubaki hivyo, mkia ukiwa umesimama.

"Mzee," akasema mvuvi, "umekuja na samaki kwenye kiatu? Ungesema tu, sisi tunao."

Watu wakaangua kicheko. Mimi pia nilianza kucheka, na kicheko kikafika nusu. Mkia ule ulikuwa umepinda karibu na ncha.

Siwezi kueleza vizuri kilichonipata. Nilijaribu kuhesabu miaka na sikuweza. Mjukuu alikuwa mwanafunzi wakati ule. Sasa tulikuwa tunamposea mke. Viatu vyenyewe vilikuwa vipya, na vimepigwa rangi. Paka yule hakuwa amekuja kunusa kiatu. Alikuwa amekuja kwangu.

"Baba," binti yangu akaniita kwa sauti ya chini, kwa Kimatengo. "Ule mkia."

"Paka weusi wapo wengi," nikamjibu kwa Kimatengo pia.

Nilisema hivyo. Nilikuwa nimekwisha kumjua na bado nilisema hivyo.

Binti yangu alichukua kijiko, akagonga kikombe chake mara mbili, taratibu, kama mama yake. Paka akachomoa kichwa kwenye kiatu kwa haraka mpaka kiatu kikaanguka. Hakutazama kulia wala kushoto. Alikatisha chumba, akapita juu ya miguu ya mshenga, akaruka kwenye mapaja ya binti yangu na kuanza kukanyagakanyaga kitenge chake kwa miguu ya mbele, kama anayekanda unga, akikoroma kwa sauti iliyojaza chumba kizima.

Mvuvi aliacha kutafuna. "Huyu paka ninaishi naye," akasema, "na sijawahi kumgusa. Hata mama mwenyewe hajawahi kupakatwa namna hiyo."

"Kupakata," bibi akamsahihisha, bila kuondoa macho kwa paka. Kisha akamwambia binti yangu, "Mama, unamjua?"

Binti yangu alikuwa anatokwa na machozi, na hakuyafuta kwa sababu mikono yake yote ilikuwa juu ya paka. "Alikuwa wa marehemu mama yangu," akasema. "Baba aliniambia amekufa. Aliniambia amemzika."

Nikaona wote wananigeukia. Hakukuwa na hasira kwenye nyuso zao bado, walikuwa wanangoja tu nieleze, kama unavyomngojea mtu aliyeshikwa na kikohozi katikati ya sentensi. Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake nilisema, "Huenda wamefanana."

Mshenga, Mungu amsamehe, alidhani anatuokoa. Alisimama akasema kwamba wanyama nao wameona tumekuja kwa heri, kwamba ni dalili njema, na kwamba sasa afadhali mzee akabidhi tulichokuja nacho. Alikwenda mlangoni, akakibeba kiroba cha maharage begani, akakiweka katikati ya chumba. Paka aligeuza sikio moja na kuendelea kukoroma.

"Mzee wetu, karibu ukabidhi," akasema mshenga.

Nilisimama. Nilikishika kiroba shingoni, kwa mikono miwili, nikakiinua.

Paka alitoa ile sauti. Niliijua kabla sijageuka, ile niliyoisikia kutoka ndani ya kiroba kule mchangani. Alipanda juu ya bega la binti yangu akimkwaruza, akaruka kwenye pazia, kutoka pazia hadi juu ya ukuta, na kutoka hapo hadi kwenye kenchi za paa, na mkojo ukachuruzika kwenye chokaa nyeupe mpaka chini. Alijibana juu kule, masikio yamelala, mdomo wazi. Hakuwa anatazama kiroba. Alikuwa ananitazama mimi usoni.

Nilikiweka chini.

Bibi aliangalia juu kwenye kenchi, akaangalia kiroba, akaniangalia. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bwana mshenga, hebu kibebe tena."

Mshenga akakibeba. Paka hakutikisika.

"Kiweke. Mwanangu, kibebe wewe."

Mvuvi akakiinua kwa mkono mmoja. Paka aliendelea kunitazama mimi.

"Kiweke. Sasa mzee mwenzangu, kibebe wewe."

Nilikitazama kile kiroba. Kilikuwa cha maharage ya shambani kwangu, nilikishona mwenyewe. Wote walikuwa wananingoja, na binti yangu alikuwa na alama nyekundu za kucha shingoni. Sikukibeba.

"Ni mimi," nikasema.

Bibi aliketi. Alikunja mikono juu ya magoti na kumsimulia binti yangu, kana kwamba mimi sikuwapo, jinsi alivyomkuta paka chini ya mtumbwi uliopinduliwa, kamba ya kiroba imemzunguka shingo na mguu mmoja wa mbele, amejisokota ndani yake akijaribu kutoka. Alimkata kamba kwa kisu cha samaki. Walimwita Paka wa Mlimani, kwa sababu kiroba kilikuwa kile cha kutilia kahawa. Alikaa muda mrefu bila kula chakula kama kuna mwanamume ndani ya nyumba. Bakuli lake lilibidi lipelekwe nyuma ya jiko.

"Nilikuwa nikimwambia Mungu," akasema, "yule aliyefanya hivi, asije akanikutanisha naye mezani. Na leo nimemmiminia chai."

Mvuvi akaangalia sakafu. Bibi akanigeukia.

"Alikuibia nini?"

"Hakuiba."

"Basi kwa nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya jioni zile, ya chanja, na jinsi alivyoketi akiangalia juu na kulia. Nilimwambia kwamba sikuweza kuvumilia, na jinsi nilivyokizungusha kiroba ili asijue njia. Yalikuwa maneno machache, yakaisha upesi kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nimeyabeba kama kitu kikubwa.

"Na wewe ulikuwa unalia?" akauliza.

"Hapana."

"Ungelia basi, mzee mwenzangu. Paka angepumzika."

Hakusema kwa ukali. Kama angenifokea ningejua pa kuweka uso wangu. Mshenga alikohoa na kuanza kusema kwamba kila binadamu ana siku yake mbaya, na kwamba kijana kule nyumbani hana kosa lolote.

"Najua hana kosa," akasema bibi. "Amekuja hapa mara nyingi, nimemwona. Huishia kwenye vichanja, hamwoni, lakini huyu paka hula akiwapo. Mjukuu wangu anamtaka, na mimi sina sababu ya kumkataa. Lakini siwezi kupokea kitu kutoka mikono hii." Akaonyesha mikono yangu kwa kidevu. "Kama posa ipo, ataileta mama wa kijana. Yeye aongee, yeye akabidhi. Mzee atatupisha."

"Mama," mshenga akasema, "kwa mila zetu sisi, mwanamke hakabidhi."

"Kwa mila zenu nyie mnazungusha paka," akasema bibi.

Nilimtazama binti yangu. Sasa kila kitu kilikuwa mikononi mwake. Angeweza kusimama na kutoka kwa hasira aliyokuwa nayo juu yangu, na hakuna ambaye angemlaumu. Na mwanawe angelipia. Alikuwa anafuta shingo yake kwa pembe ya kitenge, akitazama damu kidogo iliyobaki kwenye nguo. Hakunitazama.

"Baba, tupishe," akasema.

Niliokota kiatu kilichoanguka, nikavaa vyote viwili, nikatoka. Nilikaa kwenye gogo karibu na vichanja vya usipa, kwenye jua, na koti langu. Dirisha lilikuwa wazi. Kisha nikasikia sauti ya binti yangu, na kwanza sikuitambua, kwa sababu sijawahi kumsikia akisema mbele ya wageni kwa kirefu. Nyumbani kwangu mimi ndiye niliyekuwa nasema.

Alisema jina la ukoo wetu na kijiji chetu. Kisha akasema, "Kijana wangu hana baba. Baba yake yupo hai, yupo Njombe, na hajawahi kuuliza habari zake. Nasema leo msije mkaambiwa na watu kesho."

Mimi na mshenga tulikuwa tumepatana kusema kwamba baba yake alifariki. Tulipatana kwenye gari, binti yangu akiwa amekaa nyuma anasikia. Nilidhani kunyamaza kwake ni kukubali. Nilikaa pale juu ya gogo na mdomo wazi kama samaki waliokuwa mbele yangu. Nilijiuliza ni mara ngapi nilisema kwa niaba yake, na ni mara ngapi alikaa nyuma akisikia na kuhifadhi. Nilikuwa nimemjua tangu siku aliyozaliwa. Nilikuwa sijui kwamba anaweza kusema hivyo.

Ndani, bibi aliuliza jambo na binti yangu akajibu. Mvuvi akacheka kidogo. Msichana aliitwa kutoka jikoni; nilimwona akipita uani, akijifuta mikono, mrefu, na uso wa bibi yake. Alipita karibu nami na akaniamkia kwa heshima zote, "Shikamoo, babu." Nikaitikia. Alikuwa bado hajui. Sikujua nitamtazamaje siku atakapojua, na ingekuwa ndani ya dakika chache.

Nilisikia kiroba kikiburutwa sakafuni. Nikasikia bibi anasema, "Tumepokea." Kisha mwanamke mmoja akapiga kigelegele, kifupi, na nadhani ni yule bibi mwenyewe.

Niliinamisha kichwa na nikalia. Sikulia kwa furaha peke yake, na sitasema kwa nini kingine, kwa sababu sikujua wakati ule na sina hakika hata sasa. Mshenga alitoka akaniona, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinipita bila kusema neno, akaenda kukaa ndani ya gari.

Binti yangu alitoka wa mwisho. Bibi alimsindikiza mpaka kizingitini, wameshikana mikono, na nikasikia wakiongea habari za paka: kwamba abaki, amezeeka, amekwisha kuhamishwa inavyotosha, na kwamba binti yangu aje kumwona wakati wowote, hata kama hakuna shughuli ya harusi. Kisha bibi akarudi ndani. Kwangu aliinamisha kichwa kidogo, kama unavyomtambua mtu ng'ambo ya barabara.

"Wamekubali," binti yangu akaniambia.

"Nimesikia. Umesema vizuri."

"Mengine nitayaleta mimi. Siku ya harusi utakaa na wazee wengine, lakini si mbele."

"Sawa."

"Na kijana nitamweleza mwenyewe. Usianze wewe."

"Sawa, mama."

Sijui kwa nini nilimwita mama. Akanitazama, na sikuweza kuisoma sura yake.

Ndipo paka akatokea mlangoni. Alikuwa ameshuka. Alijisugua kwenye kifundo cha mguu wa binti yangu, akazunguka mguu wa pili, kisha akaniona juu ya gogo. Akasimama. Niliweka mikono yangu juu ya magoti, viganja juu, ili aone havina kitu. Alivitazama viganja. Alitazama viatu. Alipiga hatua moja mbele, akaketi kwenye vumbi kati ya mlango na mimi, mkia wake uliopinda ukigonga chini polepole, na hapo akabaki. Hakukimbia, hakuja. Nilikuwa nimeamini kwamba mnyama yule hawezi kubeba kitu kichwani kutoka msimu mmoja hadi mwingine, na sasa niliona ameshika yote mawili, jioni zile za buti na siku ile ya kiroba, na hakuna moja lililokuwa limefuta jingine.

Dereva akawasha gari.

"Twende, Baba," akasema binti yangu. "Usimwite."

Sikumwita.